Kupaka rangi na kutia alama vijisanamu vya vita: maswali yanayoulizwa kila Jumamosi

Maswali haya yametoka mezani. Kila mgeni anayekuja Jumamosi kuona tukicheza huuliza mawili au matatu kati yake, na kila mara tunajibu upya huku chai inapoa. Tumeyapanga kuanzia ya anayeanza hadi ya yule aliyekwishaharibu kikosi kizima. Mtazamo wetu mmoja utauona kote: kijisanamu hupakwa kwa ajili ya macho yaliyo mkono mmoja kutoka mezani. Subira yako usiimalize kwenye vifungo vya shati, itunze kwa ajili ya alama.

## Kuanza

Hivi si vitu vya watoto?

Watoto hawakatazwi. Lakini mchezo wenyewe ni wa rula, dadu na kanuni ndefu, na maofisa wa Prussia walikuwa wakifundishwa vita kwa mchezo wa namna hii tangu 1824. Anayekucheka mpe brashi namba 0 apake mkanda wa bunduki. Atanyamaza.

28mm, 15mm, 1/72: namba hizi ni za nini?

Ni ukubwa. Ya milimita husema urefu wa askari aliyesimama, na viwanda havikubaliani kama kipimo kinaishia machoni au utosini. Ndiyo maana 28mm ya huyu humfanya wa yule aonekane mtoto wake. Ya sehemu ni hesabu ya kawaida: mtu wa sentimita 175 ukimgawa kwa 72 anabaki milimita 24 hivi, ukimgawa kwa 100 anabaki 17 na kitu.

Kwa anayeanza, 28mm husamehe mkono unaotetemeka. 1/72 ya plastiki ina faida moja kubwa: boksi moja hutoa kikosi kizima.

Nahitaji vitu gani?

Vichache kuliko unavyodhani. Rangi za akriliki saba au nane: nyeusi, nyeupe, kahawia nzito, kahawia ya udongo, khaki, nyekundu, bluu na ya chuma. Brashi namba 2 yenye ncha nzuri itafanya kazi nyingi, kisha namba 0 kwa alama. Kisu chembamba, msasa laini, gundi, taa nyeupe ya meza, kikombe cha maji ambacho si kikombe chako cha chai. Hilo la mwisho usilipuuze.

Brashi kubwa laini za kukwangulia rangi (tazama swali la brashi kavu) usizinunue kwenye maduka ya sanaa. Nenda Dubois Road, Nairobi, kunakouzwa vipodozi, uchukue za kupakia poda na wanja. Wauzaji hawatauliza, na ukiwaambia ni za askari watakuonyesha kubwa zaidi.

Rangi ya nyumba au ya shule itafaa?

Ya nyumba inayochanganywa na maji ni nzuri kwa vilima, barabara na ubao wa kuchezea. Kwa askari ni nzito, chembe zake ni kubwa, itafunika uso kama plasta. Ya mafuta ndiyo mbaya zaidi: hukaa siku nzima haijakauka na vumbi la Nairobi linaikuta mbichi. Ya shule ya unga hutoka ukishika kwa kidole chenye jasho.

Akriliki za mirija za maduka ya sanaa zinafaa kujifunzia ukizipunguza kwa maji. Zile zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama Vallejo ya Hispania au Citadel ya Uingereza, zina chembe ndogo zaidi, hivyo tabaka jembamba linafunika. Ukiagiza nje, chupa za akriliki husafiri vizuri, lakini makopo ya spre hayapandi ndege kama kifurushi cha kawaida kwa sababu ya gesi iliyomo. Usipange kazi yako kuyategemea.

## Kabla ya rangi

Kwa nini rangi yangu inabanduka ikiguswa?

Hukuosha. Kijisanamu kinapotoka kwenye kalibu hubaki na mafuta yaliyowekwa ili kisinate. Mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kisha kikauke usiku kucha. Risini ndiyo yenye mafuta mengi.

Ukishaosha, ondoa mistari ya kalibu, ule ukingo mwembamba unaopita ubavuni. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Ukiuacha, rangi ya kivuli itauchora kama kovu. Na risini usiipige msasa mkavu: ilowanishe, vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Gundi ipi kwa kitu kipi?

Plastiki ngumu kwa plastiki ngumu: gundi ya plastiki, ambayo huyeyusha pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Risini na chuma: supaglu. Gundi ya plastiki kwenye chuma haifanyi lolote, utakaa umeshika mkono wa askari hadi magharibi.

Spre za magari za Kirinyaga Road zinafaa kwa andakoti, ile rangi ya kwanza kabisa?

Kwa chuma, ndiyo, na wengi wetu tunazitumia. Kwa plastiki, jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande, maana baadhi zina tina kali inayokula plastiki.

Kikosi changu cha kwanza kilikuwa watu kumi na wawili. Niliwapanga kwenye kipande cha katoni, nikawapulizia kwa karibu kama mtu anayeua mende. Waliokuwa mstari wa mbele walibaki hawana pua. Mpaka leo ninao, ninawatumia kama majeruhi.

Umbali ni sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya kijisanamu, pita juu yake, malizia nje. Mipito mifupi, uwageuze, mipito mingine. Ukiona rangi imelowa na inang'aa, umezidisha.

Andakoti imetoka na unga. Nyingine imetoka na ukungu mweupe. Nimekosea wapi?

Ni makosa mawili tofauti ingawa watu huyaita jina moja. Unga unaokwaruza kama msasa maana yake rangi ilikauka hewani kabla ya kutua: ulisimama mbali mno, au ulipuliza saa saba mchana Januari kwenye jua kali na upepo mkavu. Ukungu mweupe ni unyevu ulionaswa ndani: umepuliza Aprili mvua ikinyesha, au asubuhi ya Julai wakati jiji lote liko chini ya wingu na kopo lenyewe ni baridi.

Dawa ya Januari ni kusogea na kutafuta kivuli. Dawa ya Julai ni kungoja saa nane mchana na kuliweka kopo kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla. Uvuguvugu wa kuogeshea mtoto, si zaidi, na kamwe si karibu na jiko.

Naishi ghorofani, sina pa kupulizia.

Na nguo za jirani ziko kwenye kamba, tunajua. Kuna andakoti ya akriliki ya kupaka kwa brashi. Tabaka mbili nyembamba, moja kwa siku. Inachosha kidogo, lakini haina harufu, haina kelele na haigombanishi ploti.

## Kupaka

Nipunguze rangi kiasi gani?

Hadi iwe kama maziwa. Tabaka la kwanza litaonekana na mabaka na utadhani umeharibu. Likauke, paka la pili. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja hufuta pua, mdomo na mikunjo ya shati kwa mpigo mmoja.

Rangi inakauka kwenye brashi kabla sijafika kwa askari wa pili.

Januari na Februari hewa ya Nairobi ni kavu na tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Usilaumu rangi. Tengeneza kibao cha maji: mkebe bapa wenye kifuniko, sponji nyembamba ya jikoni iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea. Weka rangi juu ya karatasi. Itanyonya maji kutoka chini na kukaa mbichi saa nyingi, na ukifunga mkebe utaikuta kesho. Badilisha maji kila wiki, vinginevyo itanuka kama kitambaa cha kufutia meza hotelini.

Na tafadhali usinyooshe ncha ya brashi kwa ulimi. Vijisanamu vya chuma vya zamani vilikuwa na madini ya risasi (lead), na baadhi ya rangi zina madini yasiyofaa tumboni.

Rangi ya kivuli na brashi kavu ni nini?

Hizi ndizo njia mbili zinazobeba kazi yote. Rangi ya kivuli ni nyeusi au kahawia iliyopunguzwa sana: ukiipaka hutiririka na kutulia kwenye mikunjo, ikabaki kidogo tu juu ya miinuko. Ikikusanyika kama kidimbwi, inyonye kwa brashi safi.

Brashi kavu ni kinyume chake. Chovya kidogo rangi iliyokolea weupe, ifute kwenye tishu mpaka udhani hakuna kitu, kisha pitisha haraka juu ya miinuko. Inashika ncha tu. Khaki, kivuli cha kahawia, brashi kavu ya khaki iliyotiwa nyeupe: askari thelathini wanaisha kwa jioni tatu.

Ngozi nyeusi nikipaka inaonekana kama gogo. Nifanyeje?

Swali hili tunalipenda, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya nyuso za rangi ya waridi, kisha mwisho panaongezwa mstari mmoja: tumia kahawia.

Kosa la kwanza ni kuanza na kahawia kisha kuimwagia kivuli cheusi. Inakufa. Kivuli cha ngozi yetu kina wekundu au zambarau ndani yake, kwa hiyo changanya kahawia nzito na tone la nyekundu na tone la bluu. Kosa la pili, ambalo ndilo la kila mtu, ni kuangaza miinuko kwa kutia nyeupe. Askari anapauka kama mtu aliyetoka nyumbani Julai bila kujipaka mafuta. Badala yake angaza kwa kahawia iliyotiwa rangi ya machungwa au ya udongo wa njano, kwenye paji la uso, mgongo wa pua, mashavu na vifundo vya vidole. Mwisho kabisa, kidoa cha rangi ya waridi iliyofifia kwenye mdomo wa chini. Hapo uso unaamka.

Na usiwapake wote sawa. Angalia abiria wa matatu moja tu asubuhi, hesabu rangi za ngozi zilizomo. Tengeneza michanganyiko mitatu, uigawe kikosini.

Macho nayo?

Kwa 15mm, acha kivuli kifanye kazi. Kwa 28mm, mstari mweusi, nukta mbili nyeupe, na mboni kwa ncha ya kalamu nyembamba ya wino. Ukikosea mara ya tatu, mpe kofia.

## Alama

Kwa nini nihangaike na alama? Rangi haitoshi?

Watu ishirini wenye sare moja ni umati. Ukiwatia namba, nembo au mistari wanakuwa kikosi, na mchezaji mwenzako anajua nani yuko chini ya nani bila kuuliza. Fikiria nganya, matatu ya kujipamba, bila michoro: ni gari jeupe lenye mstari wa njano.

Ni alama zipi zilizo sahihi kihistoria?

Inategemea jeshi na mwaka, lakini mifano michache hukaa kichwani. Vifaru vya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa na umbo kwa kila kikosi kidogo: almasi ni makao makuu, pembetatu ni A, mraba ni B, duara ni C. Rangi ya umbo ilionyesha ukuu wa rejimenti katika brigedi: nyekundu ya kwanza, njano ya pili, bluu ya tatu. Ukijua hilo, meza nzima ya vifaru inasomeka kama namba za njia za matatu.

Wajerumani walitumia namba za tarakimu tatu kwenye mnara wa kifaru: ya kwanza kampuni, ya pili platuni, ya tatu gari lenyewe. Kwa hiyo 213 ni kampuni ya pili, platuni ya kwanza, gari la tatu. Anayeandika 777 kwa sababu ni namba ya bahati tunamwacha, lakini tumeona.

Wazulu wa 1879 hawakuhitaji namba. Ngao ndiyo iliyosema: kwa jumla, vikosi vya vijana vilibeba ngao za ngozi nyeusi au nyeusi zaidi, na vya watu wazima waliooa ngao nyeupe zaidi. Kufikia mapigano ya Isandlwana utaratibu huo ulikuwa umelegea, kwa hiyo mchanganyiko kidogo ndani ya kikosi si kosa.

Babu yangu alikuwa Keya (King's African Rifles), alipigana Burma. Naweza kumtengeneza?

Unaweza, na ni miongoni mwa kazi nzuri zaidi kuanza nayo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kuingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Sare ni ya kijani cha msituni, kofia ni ile pana iliyopinda upande. Nembo ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama, si gari. Kijani chenyewe kipake kimechujuka na matope hadi magotini.

Vita vya Kwanza ni kazi tofauti: khaki na patisi zilizofungwa miguuni. Kabla ya kupaka, nenda Kenyatta Avenue uitazame sanamu ya Askari kwa karibu, uone kitambaa kinavyozunguka mguu na mzigo unavyokaa kwa mpagazi. Wapagazi hao usiwasahau kwenye meza yako. Jina la Kariokor limetoka kwao, na jeshi la kampeni ile bila wapagazi halikwenda popote.

Dekali za maji, zile picha nyembamba za kubandika, zinabandikwaje?

Kanuni moja kabla ya zote: usibandike juu ya rangi isiyong'aa. Uso usiong'aa una vijibonde visivyoonekana, hewa hubaki humo, na dekali inakuwa na ukingo wa fedha. Paka vanishi ya kung'aa mahali pa alama, ikauke kabisa.

Kata dekali karibu na picha kwa wembe. Itie kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 20 au 30, itoe, uiache juu ya tishu dakika moja. Usiilazimishe, ikiwa tayari, itateleza yenyewe ukiisukuma kwa brashi. Weka tone la maji mahali pake, isogeze hapo, iweke sawa, kisha nyonya maji kwa ncha ya tishu kuanzia katikati kwenda nje. Baadaye pitisha kilainishi cha dekali kama Micro Sol. Hapa ndipo watu hupiga kelele, kwa sababu dekali hujikunja kama utandu wa maziwa. Usiguse! Nenda kanywe maji. Ukirudi imelala juu ya kila kijibonde na msumari kana kwamba imepakwa. Funga kwa vanishi.

Kwenye ngao ya mviringo au bega, ikate vijipande pembeni kwa ncha ya kisu kabla ya kulowanisha, ili ipate pa kukunjia. Huna kilainishi? Siki nyeupe ya jikoni ni dhaifu lakini husaidia.

Ukingo wa fedha umeshatokea. Nibandue?

La. Toboa dekali mara kadhaa kwa ncha ya sindano, tia kilainishi, subiri, rudia. Ukingo ukibaki, ufunike kwa rangi ya gari iliyopunguzwa, au tope. Tope limeokoa wengi.

Naweza kuchapisha dekali zangu?

Ndiyo, kwa karatasi maalumu. Ya printa ya wino lazima ipuliziwe vanishi kabla ya kuloweshwa, la sivyo nembo yako itageuka chai. Ya leza haina shida hiyo. Tatizo ni nyeupe: printa za kawaida hazichapishi nyeupe. Kwa nyota nyeupe, chukua karatasi ya dekali nyeupe na uikate kwa umbo, au paka kwa stensili.

Na kuchora kwa mkono?

Wachoraji wa matatu hufanya kwa futi tunachofanya kwa milimita, na siri yao ni ileile: hawachori mstari, wanaukata. Paka mstari mnene kuliko unavyotaka, kisha rudi na rangi ya chini uupunguze pande zote mbili hadi uwe mwembamba na ulionyooka. Kwa nembo, anza na umbo kubwa. Kichwa cha kifaru ni yai moja na pembe mbili. Pumzisha kiganja mezani, pumua nje unapovuta.

Herufi ni ngumu kuliko namba. Anza na neno fupi.

Alama za chuki za majeshi ya zamani je?

Kwetu hatuzibandiki. Msalaba wa jeshi na namba ya mnara vinatosha kumtambulisha Mjerumani, na Ujerumani kwenyewe sheria inakataza kuonyesha hadharani nembo za chama cha Nazi.

## Baada ya rangi

Vanishi inakuja lini?

Rangi, vanishi ya kung'aa, alama, uchakavu na tope, vanishi isiyong'aa. Ukipindua mpangilio huu utalipa mahali fulani. Vanishi ya spre hufuata masharti yaleyale ya hali ya hewa kama andakoti. Ikitoka na ukungu mweupe, tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa kwa brashi mara nyingi huurudisha uwazi.

Kitako, kile kibao anachosimamia askari, nikipambeje?

Gundi nyeupe na udongo wa nje. Mwekundu wa upande wa Kiambu au mweusi wa Embakasi, chagua vita vyako. Ukaange kwanza kwenye sufuria ya zamani ili wadudu na unyevu viishe, uchekeche, umwage. Majani ya chai yaliyokaushwa vizuri ni majani ya msituni. Yasipokauka yanaota ukungu. Andika namba ya kikosi chini ya kitako.

Nimeharibu kabisa. Rangi inatoka?

Akriliki kwenye plastiki ngumu au chuma hutoka kwa Dettol isiyochanganywa na maji. Loweka usiku mmoja, vaa glavu, sugua kwa mswaki. Suuza kwanza kwa Dettol nyingine safi, halafu sabuni ya vyombo, halafu maji. Ukianza na maji, rangi iliyolainika inageuka ulimbo. Usijaribu kiondoa rangi ya kucha: asetoni huyeyusha plastiki, na utajiunga na sisi wenye askari wasio na pua.

Nitawasafirishaje hadi mezani bila kuvunjika?

Sumaku ndogo chini ya kila kitako, na mkebe wa bati wa biskuti. Hakikisha ni bati kweli, sumaku yenyewe itakuambia. Ndani ya matatu mkebe ukae mapajani, usiuweke sakafuni na hasa si juu ya spika ya nyuma. Kuna mtu alishuka Odeon na wapanda farasi sita na miguu ishirini na moja.